Matatu ya kukodi kwa kundi la mchezo wa kuimba: nyota nne, ya tano tutaongea

Sisi ni kundi dogo la mchezo wa kuimba, watu 11 ukimtia na fundi wa sauti, na mimi ndiye nishikaye nguo na pesa. Kwa hivyo gari silipimi kwa rangi wala kwa ulaini wa viti. Nataka mzigo ufike mzima na waimbaji washuke na sauti zao.

Nilikodi matatu ya viti 14 kwa wakala mmoja upande wa Mwembe Tayari, Mombasa, tuzunguke Ukunda, Kilifi na Malindi. Jina lake nalihifadhi, sababu mtaiona huko chini. Shilingi 9,000 kwa siku, mafuta juu yetu, chakula cha dereva juu yetu vilevile.

Wasiwasi wangu wote ulikuwa mlango. Mchezo wetu una mlango wa Mji wa Kale, wa plaiwudi, umechorwa nakshi mpaka ukiuona kwa mbali unataka kupiga hodi. Ndani ya matatu hauingii. Mwaka jana, gari jingine, waliulaza kwenye keria wakaufunga kamba katikati tu. Hata Mtwapa hatujafika, upepo ushaingia chini ya ubao, unagonga paa na rangi inabanduka.

Safari hii dereva, mtu wa makamo asiyekuwa na maneno mengi, aliutazama kwanza, akaniuliza, "Mama, upande wa rangi ni upi?" Akatandika godoro letu la jukwaani, akaulaza mlango kifudifudi juu yake. Kamba ya kwanza akaifunga ncha ya mbele, akaikaza kwa mguu, ndipo akaja katikati, kisha nyuma. Masanduku ya nguo yakapanda juu kuukandamiza, turubai mwisho. Upepo huingilia mbele, akasema, ukiuziba hapo umemaliza kazi. Mlango ulishuka Malindi hauna mkwaruzo.

Vyombo navyo anavijua. Matatu hizi injini iko chini ya viti vya mbele, na pale pana joto la tanuri. Fundi wetu alikuwa ashaweka kinanda hapo. Dereva akakitoa bila kuuliza, akakipeleka nyuma. Mpiga ngoma akaruka: "Mjomba, basi hapo pangu!" Hewa yetu ya pwani ina unyevu, ngozi hulegea, na kila tufikapo huwa tunahangaika kutafuta jua au moto wa makaratasi tuikaze kabla ya shoo. Msondo na chapuo zikakaa hapo njia nzima, na Kilifi hatukuwasha hata kiberiti.

Kwenda Ukunda alikataa feri ya Likoni, akazungukia barabara ya Dongo Kundu. Mafuta ni yetu na njia ile ni ndefu, nikanuna. Lakini foleni ya magari Likoni haijulikani itaisha saa ngapi, na shoo ya shule inafuata kengele. Tulifika mapema, watu wakala viazi karai kwa raha zao, ambalo kwa kundi letu ni jambo la kuandikwa.

Kasoro zipo. Dirisha la nyuma halifungi, na huko kwenye vumbi la barabara mwimbaji wetu mkuu alijifunga leso mdomoni kama mgonjwa. Kiti cha nyuma ni cha watoto. Na dereva wangu, mkarimu kwa mlango, matuta anayapanda kama hayaoni. Redio lakini alikuwa akiizima mwenyewe kila waimbaji wakianza kufanya mazoezi ya sauti, hata mara moja akamwambia wa besi kuwa anachelewa kuingia. Kweli alikuwa anachelewa.

Sasa bei. Malindi stima ilipotea katikati ya mchezo, tukangoja, tukamaliza usiku mno. Asubuhi wakala ananipigia: kupita saa nne usiku inahesabiwa siku nyingine. Kwenye karatasi tuliyotia sahihi halimo, na dereva mwenyewe hakuwa na habari. Tukavutana, tukakubaliana nusu.

Ukikodi huko, saa za mwisho ziandikwe, na umtake dereva huyo huyo. Mwambie wakala "yule wa godoro", watamjua. Nusu yao nilituma kwa simu siku ile ile. Risiti mpaka leo naambiwa, "Kesho, mama."