Laibrari ya kusoma diski: nimelipa hela yangu nikajibiwa jeuri

Wakuu, hili jambo ninalo rohoni wiki kadhaa sasa, leo acha niliseme. Nilinunua leseni ya laibrari moja (kodi iliyoandikwa tayari unayoiingiza kwenye programu yako) ya kusoma na kuandika diski sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande, kwenye Windows, yaani unapita chini ya mafaili yote unaongea na diski yenyewe, maana natengeneza programu ya kurudisha data. Kwenye flashi na diski za kawaida inasoma vizuri mno, hilo siwezi kuwanyima.

Sasa akaja mteja, mpiga picha, na eksteno (diski ya nje ya USB) ya 4TB imejaa picha za harusi za watu. Nachomeka, sekta ya kwanza tu, kosa namba 87, yaani Windows inasema ombi lina kipimo kisichokubalika. Narudia, 87. Naendesha kama admini, 87, na yeye kakaa pembeni ananiangalia usoni.

Usiku ule ule nikawaandikia sapoti, kwa heshima kabisa, na logi juu. Jibu lao mstari mmoja: kasome maelekezo, sisi hatufundishi programu. Hivi kweli jamani? Mtu kalipa! Sikulala.

Nikaiweka pembeni laibrari yao, nikafungua \\.\PhysicalDrive2 (jina la diski yenyewe ndani ya Windows) mwenyewe kwa CreateFile, amri ya Windows ya kufungua, nikaomba baiti 4096 badala ya 512. Ikasoma! Nikaiona 55 AA, alama ya kawaida ya sekta ya kwanza ya diski, imekaa pale baiti ya 510 na 511, nikapiga kelele nyumba nzima wakaamka. Kumbe lile boksi la USB linaionyesha diski kwa sekta za 4096 na wao wamekariri 512, wakati Windows ukiiuliza inakwambia sekta ina ukubwa gani, ni swali moja tu.

Nilikuja hapa kuwapa nyota tatu kwa ajili ya kasi yao, ila kadiri ninavyoandika naona hapana. Mimi nilikuwa nasoma tu. Wewe unayeandika data kwenye diski, ukiiambia laibrari yao weka sekta 8 kuanzia sekta ya 2048 kwenye diski kama ile, hesabu yao, maana wanazidisha kwa 512, inakutua sekta ya 256, na kwa vile mahali na ukubwa vinagawanyika kwa 4096 sawasawa, kama pale hapajamauntiwa kitu (Windows haijapafungua kama drive) Windows inapokea kimya kimya, umeshafuta data ya mtu. Nyota moja.

Niliwatumia mpaka marekebisho yenyewe, hawajajibu. Picha za yule jamaa zimerudi, na nimezitoa kwa mikono yangu, si kwa leseni yao.