Hoteli ndogo ya Kiponda, Mji Mkongwe: nzuri kwa marafiki, ila ulizieni ngazi kwanza

Tulikuwa wanawake wanne, walimu kutoka Morogoro, na shida yetu ilikuwa moja tu: pa kulala pamoja na kupiga soga tukiwa katikati ya mji wa Zanzibar. Nungwi, kule kaskazini mwa kisiwa, kuna hoteli za kuvutia, lakini ukilala huko, Mji Mkongwe unaupitia tu kwenye gari. Tukachagua hoteli ya vyumba vichache huko Kiponda.

Gari haliingii kwenye vichochoro vile, kwa hiyo usibebe sanduku kubwa. Sisi tulitumiwa kijana bandarini, akapakia mabegi kwenye mkokoteni, tukamfuata. Bila yeye tungezunguka sana, maana kona zinafanana na ramani ya simu inachanganyikiwa kati ya kuta.

Chumba ni kirefu na chembamba, vitanda vimepangwa mstari kama bwenini. Usidhani umepunjwa. Dari za nyumba zile za kale zinabebwa na boriti za mikoko, na boriti hazina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vingi upana wake ni kama mita 3 hivi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mtu mzima anakaa dirishani na kikombe chake cha chai. Nje jua kali, ndani ubaridi. Kiyoyozi tulikiwasha usiku tu. Mashuka yananukia sabuni, na neti hazina tundu hata moja, nilizikagua kitanda kwa kitanda.

Sasa lalamiko. Mwenzetu mmoja goti linamsumbua. Tulipobuku kwa simu tuliomba chumba cha chini, tukakubaliwa. Kufika, chumba cha chini kina wageni wengine, sisi tumewekwa ghorofa ya tatu. Ngazi zenyewe ni za mbao, zenye mwinuko mkali, za kupanda umeshika kamba. Kila akishuka, mmoja wetu anatangulia na mwingine anafuata nyuma, na yeye anauma meno. Dada wa mapokezi alituomba radhi: "Samahanini sana dada zangu, kesho nitakuhamisheni." Na kweli kesho yake tukahamishwa, mabegi wakayashusha wao. Nashukuru kwa hilo. Lakini ombi la mtu mwenye maumivu liandikwe daftarini siku ileile, lisibaki kichwani mwa aliyepokea simu.

Kilichonifanya niipende hoteli hii ni paa lake. Juu kule kuna meza, viti vya ukili na upepo wa bahari, unaona minara ya misikiti na ile miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu. Jioni tulinunua mishikaki, pweza na mihogo Forodhani, tukauliza kama tunaruhusiwa kupanda navyo. Wakatuletea sahani, ndimu na pilipili ya kusaga, bila kutudai senti. Hoteli ngapi zinakubali mgeni aingie na chakula cha nje? Tulikaa pale mpaka usiku wa manane tukiongea mambo ambayo kwenye ofisi ya walimu hayapati nafasi, katikati ya kusahihisha madaftari na kengele. Mwenye goti aling'ang'ania kupanda, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Asubuhi ni mikate ya kumimina ya moto, mayai, papai na chai ya viungo. Intaneti inashika vizuri mapokezi tu. Adhana ya alfajiri utaisikia chumbani, misikiti iko karibu.

Bei ulizia ya Watanzania, kwa shilingi, kabla hujalipa, na ubebe kitambulisho. Siku ya kuondoka tuliacha mabegi kwao, tukaenda Darajani kununua karafuu na iliki, tukayachukua muda wa boti ulipokaribia. Naipa nyota nne. Likizo ya Desemba tunarudi, na safari hii nitaomba wanitumie namba ya chumba cha chini kwa meseji kabla sijatuma pesa.