Gego la mwisho lilivyonizungusha Dar mpaka nikafika kwa bingwa wa taya

Mwezi mzima nilikuwa nauliza watu "jamani nani anamjua daktari wa meno mzuri hapa Dar", kila mtu ananitajia wa kwake, kumbe swali lenyewe ndio nilikuwa nakosea. Mimi nilikuwa namhitaji bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, na huyo ni mtu mwingine kabisa.

Tatizo lilikuwa gego la mwisho la chini, kulia. Lilichomoza nusu likagoma, fizi imelifunika kama kofia, chakula kikiingia pale chini hakitoki. Kila baada ya miezi kadhaa panavimba, nakimbilia duka la dawa napewa amoxicillin na Flagyl, siku tatu kimya, nasahau. Safari hii nikaamka mdomo haufunguki, kijiko cha chai kinapita kwa shida, shavu limejaa utadhani nimeficha andazi. Bi mkubwa akaniambia nisukutue maji ya chumvi na karafuu, nikasukutua, ikapungua kidogo, lakini usiku sasa ndio usiseme.

Uvimbe uliposhuka nikaenda kliniki moja ya mtaani, siitaji jina, kung'oa elfu thelathini. Jamaa hakuniambia hata nikapige picha ya eksirei. Kachungulia na tochi, kachoma ganzi, akaanza kuvuta. Mara anasimama kulia, mara kushoto, jasho linamtoka, mimi nimeshika kiti kama niko nyuma ya bodaboda Morogoro Road, baadaye nikasikia "kra", nikasema alhamdulillah limetoka. Wapi! Limekatika kichwa, mizizi imebaki humo humo kwenye mfupa. Akaniwekea pamba akaniambia mizizi itajitokeza yenyewe taratibu. Mpaka leo nikikumbuka hiyo taratibu napata hasira.

Aliyenifumbua macho ni shemeji yangu wa boda. Yeye alianguka mwaka juzi taya likavunjika, Muhimbili wakamfunga waya meno ya juu na ya chini, wiki sita anakula uji na supu kwa mrija. Akaniuliza "shemeji, wewe unaenda kwa wang'oa meno wa nini, si kuna wale wa taya?" Nikajua kumbe wapo. Watu wengi tunadhani hao ni wa ajali na yale mauvimbe makubwa ya taya tu, kumbe na magego yaliyolala ndani ya mfupa ni kazi yao ya kila siku.

Sasa hapa wengi hatupajui: ukiona koti jeupe na kiti cha meno usidhani wote ni sawa. Kuna tabibu wa meno, kuna daktari wa meno mwenye digrii, halafu kuna bingwa ambaye baada ya digrii amerudi darasani miaka mingine kusomea eneo moja tu. Na ubingwa wenyewe uko wa aina aina, wa kupanga meno siye wa kuziba mizizi, na wote hao siye wa kupasua taya. Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalowasajili, kwa hiyo muulize mtu bila aibu, "dokta, samahani, ubingwa wako ni wa nini?" Mwenye nao hakasiriki. Mimi nilienda kwa dada mmoja daktari wa meno wa kawaida, akaangalia ile mizizi dakika mbili akasema "kaka, hii siigusi, inahitaji bingwa", akaniandikia rufaa. Huyo dada nampa heshima zake zote, angeweza kula hela yangu na yeye.

Rufaa ikanipeleka kliniki binafsi maeneo ya Upanga. Bingwa wao ni mama mmoja mtulivu, anakuja jioni mbili tu kwa wiki kwa sababu mchana yuko hospitali ya serikali, na hilo mapokezi hawakuniambia kwenye simu, nikaenda Jumatatu bure, nauli na nusu siku ya kazi vimekwenda. Siku yenyewe nikaambiwa saa kumi, dokta kaingia saa kumi na mbili kasoro. AC inagandisha, maegesho hakuna, tivii tamthilia ya Kituruki mwanzo mwisho.

Lakini akishaingia sasa! Hakugusa mdomo kwanza, alitaka picha ya taya zima. Akaiweka kwenye skrini, akachukua kofia ya kalamu akafuata mstari mmoja mwembamba chini ya mizizi yangu, polepole, kama anayeonyesha njia kwenye ramani. "Huu ni mfereji wa mshipa wa fahamu, ndio unakupa hisia ya mdomo wa chini na kidevu. Mizizi yako inaonekana imeukalia." Akataka picha nyingine ya pande tatu ahakikishe, hiyo iliniuma mfukoni na bima ya kazini wakaikataa. Akaniambia wazi kuna uwezekano mdomo ukafa ganzi wiki kadhaa, mara chache moja kwa moja, nikiridhika nisaini. Yule wa kwanza aliniambia "haiumi" tu.

Upasuaji wenyewe dakika thelathini na tano kwa saa ya ukutani. Kachana fizi, kapunguza mfupa kidogo, katenganisha mizizi miwili akatoa mmoja mmoja, hakuna kuvutana. Katikati akasimama akaniuliza "kaka yangu, uko sawa?" nikainua dole gumba. Nyuzi za kuyeyuka zenyewe. Akanikataza kutema mate kwa nguvu, mrija na sigara, kwa sababu lile bonge la damu likitoka shimo linabaki kavu, na maumivu yake alisema ningelitamani jino lirudi. Uji wa baridi siku mbili, barafu shavuni, maji ya chumvi kuanzia kesho yake.

Nilitoa laki tatu na ushee ukijumlisha picha zote, cash au lipa namba. Ni hela nyingi, sikatai, ila ukijumlisha na ya kwanza iliyopotea na siku nilizokosa kazini naona nilichelewa tu. Kidevu kilikuwa kama cha mtu mwingine siku kumi hivi, nikinyoa nahisi namnyoa jirani, halafu kikarudi. Dokta nampa nyota tano, mapokezi mbili, na hizo mbili ni kwa ajili ya yule dada aliyeniletea shuka la kujifunika baridi.

Kushoto kuna lingine nalo limelala. Nilimuuliza, akaangalia picha akasema halisumbui, tuliache, nirudi mwakani alitazame. Nikashukuru nikatoka kabla hajabadilisha mawazo.