Kengele ya hewa ya sumu jikoni: ya kwanza nilichezwa, ya pili iliwashangaza wa nyumbani

Naandika hii manake watu watatu washaniuliza inboksi kile kidude kilicholia siku ya biriani ni kitu gani na kama kina maana.

Nianze na ile ya kwanza. Niliingia duka moja la vitu vya umeme mitaa ya Digo Road hapa Mombasa, jina naliacha, nikamwambia kijana nataka kengele ya kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu ya moto, akanambia "iko dadangu, hii hapa", akanipa kidude cheupe cha kuchomeka kwa soketi, elfu moja mia nane. Nikafika nyumbani nikaifungulia kiberiti cha gesi bila kuwasha, ikapiga kelele mpaka jirani akachungulia, nikafurahi kumbe nafurahia ujinga. Kakangu ni fundi wa AC, alipokuja akasoma boksi akacheka. Hii ni ya gesi kuvuja tu, monoksaidi haina habari nayo kabisa. Ni vitu viwili mbali mbali jamani, na hapa ndipo wengi twauziwa. Gesi ya mtungi ikivuja utaisikia, wanaitia dawa ya kunuka makusudi, lakini hii nyengine haina harufu, haina rangi, na haitoki kwa paipu, inatoka kwa moto wenyewe unaowaka ukikosa hewa ya kutosha. Ikiingia mwilini inashika damu pale pa oksijeni, tena inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Nikarudi dukani, kijana akaniuliza "kwani zote si za gesi?" na pesa hairudi.

Ya pili nikaagiza mtandaoni, elfu tatu na mia tano, ina betri mbili za AA na kiskrini kinachoonyesha namba ya ppm, yaani sehemu ngapi za sumu kwa kila sehemu milioni za hewa, na nyuma imeandikwa EN 50291, ndio kiwango cha Ulaya. Nikaiweka kwa rafu urefu wa kichwa, kama mita mbili kutoka kwa meko, manake karatasi yake inasema iwe kati ya mita 1 na 3, sio juu ya sufuria ikapigwa mvuke.

Sasa sisi twakaa Tudor ghorofa ya tatu, jikoni kuna dirisha moja tu na kusi ikivuma moto wa bana unayumba mpaka unazima, kwa hivyo mamangu dirisha hulifunga, na mlango wa sebuleni umefungwa pia ili baridi ya AC isitoke. Kila Ijumaa akimaliza kupika kichwa chamuuma na kichefuchefu, twasema ni joto, twasema ni presha, akienda kukaa barazani kwa jirani baada ya saa moja yuko sawa. Hakuna aliyejiuliza mbona akitoka nje tu anapona.

Ijumaa ya kwanza na kidude, gesi peke yake ikawa inaonyesha 20, 30, haikulia. Mimi nikaona nshapigwa tena. Halafu mamangu akaleta seredani, jiko la makaa, ndani kupalia wali, si mwajua biriani bila makaa juu ya kifuniko kwake si biriani, na namba ikapanda 60, 90, 140, na bado kimya! Dakika kama ishirini hivi ndio ikalia, na ikilia inalia kweli, paka wa jirani hatujamuona siku mbili. Nikazima gesi, madirisha yote wazi, seredani nje, watu nje.

Ule ukimya ndio uliniudhi ndio nikasoma vizuri. Kumbe imeundwa hivyo, sio kulala. Ikifika 50 inangoja saa moja hadi saa moja na nusu, ikifika 100 inalia kati ya dakika 10 na 40, ikifika 300 haipiti dakika 3. Sumu hii yajikusanya kwa damu pole pole, kwa hivyo inahesabu na muda. Basi usiingoje kengele, tazama namba.

Ile 30 ya gesi peke yake pia haikuniingia akilini. Fundi akaja akafungua bana, vitundu vimezibwa na mafuta ya mahamri ya miaka mingapi sijui, ndio moto ulikuwa wa manjano na matako ya sufuria meusi ti, na sisi twamlaumu mwenye kuuza gesi. Baada ya kusafishwa moto ni samawati, dirisha likiwa wazi yasoma 0. Chetezo cha udi chumbani, mlango umefungwa, kilinipa 18, hilo sikulitarajia.

Mabaya yake: skrini haina taa usiku huoni kitu, gundi ya ukutani ilishindwa na chokaa yetu siku ya pili, na kile kitufe cha kujaribu kinapima betri na sauti tu, hakikwambii kama senza, ile inayonusa sumu, bado nzima. Yangu imeandikwa itupwe baada ya miaka 7, angalieni tarehe nyuma kabla hamjalipa, na hii hewa yetu ya chumvi sijui itaifanyaje, mimi niko nayo mwezi wa nane tu.

Nyota 4. Ile ya kwanza sikuitupa, nimeichomeka soketi ya chini kando ya mtungi, gesi hiyo ni nzito yakaa chini, huko ndiko kazi yake. Na mamangu sasa apalia roshani, majivu yanamrukia kwa upepo, kila Ijumaa nalaumiwa mimi.