Sudo kwa seva ya ofisi ndogo: inafaa, ila ina mitego

Ofisi ndogo za Mji Mkongwe, hasa za nyumba za wageni, mara nyingi seva yao ya Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) huendeshwa kwa nywila moja inayojulikana na kila mtu. Sudo, programu inayomruhusu mtumiaji wa kawaida kutoa amri za msimamizi, inaondoa balaa hilo: kila mmoja anatumia nywila yake, na amri alizotoa kwa sudo zinaandikwa kwa jina lake kwenye faili la kumbukumbu /var/log/auth.log. Kwa hilo peke yake naipa alama za juu.

Kumwongeza mtu kwenye kundi la sudo ni amri moja: usermod -aG sudo asha. Ukiisahau ile a, Asha anatolewa kwenye makundi yake mengine yote ya ziada. Kama alikuwa kwenye kundi la kusimamia printa, hata hilo analipoteza. Akishaongezwa, atoke aingie upya.

Faili la sudoers, lenye kanuni za nani anaruhusiwa nini, lifungue kwa amri ya visudo tu, maana hukagua makosa kabla ya kuhifadhi. Ukiliharibu, utakwama: root, akaunti kuu ya msimamizi, kwenye Ubuntu huja imefungwa.

Kero kubwa ni /etc/sudoers.d, folda ya mafaili ya ziada ya kanuni hizo. Faili lenye nukta kwenye jina, kama mapokezi.conf, hurukwa kimyakimya. Liite mapokezi, basi.

Halafu ukishaandika nywila, kwa dakika 15 huulizwi tena. Kwenye kaunta yenye pitapita, piga sudo -k, ili nywila iulizwe tena, kabla ya kuinuka.