Mtoto wa Tano Yuko Wapi? Uchambuzi wa Dokumentari Tatu za Maisha ya Watu

Mbukwenyi! Habari za jioni ndugu zangu, karibuni tena. Niko nyumbani Nkuhungu, hapa hapa Dodoma, na mkisikia bati linagonga nyuma yangu mjue ni upepo wetu huu wa kiangazi, hauna adabu.

Wengi mmeniomba nichambue dokumentari za maisha ya watu. Si filamu za kuigiza, hapana. Zile zenye picha halisi na sauti halisi, za viongozi, wanamichezo na wanamuziki, hasa wale ambao ukitaja jina lao kwenye kijiwe cha kahawa, kijiwe kinagawanyika. Nimeangalia tatu ndani ya wiki mbili. Ila kabla sijazifikia, nipeni dakika moja niwapeleke msibani.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye mazishi, upande wa Chamwino. Ikafika saa ya kusoma wasifu wa marehemu. Mnajua inavyokuwa: mtu anasimama na karatasi, amezaliwa lini, amesoma wapi, kazi alizofanya, halafu, "Marehemu ameacha mjane na watoto wanne." Mimi nilikuwa nimekaa chini ya turubai, na mbele yangu amesimama kijana mwenye koleo. Udongo mwekundu umemjaa hadi magotini, maana alikuwa kaburini anachimba tangu alfajiri. Ukimwangalia usoni, marehemu huyu hapa. Paji lile lile, na mwanya ule ule wa meno ya juu. Wa tano. Aliposikia "wanne" aliinama, akaanza kukwangua udongo kwenye koleo kwa kidole gumba, taratibu, mpaka karatasi ile ikaisha. Hakuna aliyesema neno.

Tangu siku ile, kila nikiwasha filamu ya maisha ya mtu, najiuliza: mtoto wa tano yuko wapi? Na karatasi kaandika nani? Hicho ndicho kipimo changu leo. Uzuri wa picha, muziki, drone inayopita juu ya mji, hivyo vyote vinakuja baadaye.

Naanza na inayojulikana zaidi, The Last Dance, ya Michael Jordan, yule mcheza kikapu wa Marekani. Ilitoka mwaka 2020, sehemu 10, na muongozaji ni Jason Hehir. Inafuata msimu wa 1997 hadi 1998 wa timu yake, Chicago Bulls, wakitafuta ubingwa wao wa sita, huku ikirudi nyuma kwenye utoto wake na misimu mingine. Kamera ziliingia hadi vyumba vya kubadilishia nguo mwaka huo, halafu picha zile zikakaa kabatini miaka ishirini hivi, kwa sababu bila Jordan kukubali zisingetumika. Shikeni hapo.

Kama burudani ni nzuri sana. Mimi si mtu wa kikapu na bado nilimaliza sehemu nne usiku mmoja. Lakini watu wake wa karibu ni miongoni mwa watayarishaji, na unaiona kazi yao. Kuna mtindo humo ndani: Jordan anapewa kishikwambi, anaangalia wenzake wakimsema, anacheka au anawajibu. Yeye ndiye anayefunga kila mjadala. Wenzake hawapewi kishikwambi. Mama wa watoto wake wakubwa, aliyeishi naye miaka yote ile ya ubingwa, hahojiwi kabisa. Scottie Pippen, aliyeshinda naye mataji yote sita, alikuja kulalamika waziwazi kwamba wengine wamegeuzwa mapambo ya Jordan. Namwelewa. Ni wasifu wa marehemu uliosomwa na marehemu mwenyewe akiwa hai, na kausoma vizuri. Iangalieni, ila mjue karatasi iko mkononi mwa nani.

Sasa ya pili. Hii ndiyo iliyoninyima usingizi.

Inaitwa General Idi Amin Dada, ya mwaka 1974, muongozaji Barbet Schroeder. Ni ya saa moja na nusu hivi. Amin, aliyekuwa akiitawala Uganda wakati huo, alikubali kurekodiwa akiamini anajitengenezea sifa. Matukio mengine aliyapanga yeye, hata muziki ni wa kwake, anapiga kodiani. Kwenye jina kamili la filamu limo neno linalosema kwamba hii ni picha ya mtu aliyojichora mwenyewe. Kwa hiyo kwa kipimo changu hii ingekuwa mbaya kuliko zote, maana karatasi yote ameandika mhusika. Haikuwa hivyo, na hapo ndipo nataka mnisikilize.

Sikuiangalia peke yangu. Nina jirani, mzee wangu, nitamwita Mzee tu, kwa heshima yake. Alikwenda Uganda na jeshi letu mwaka 1979. Nilimpigia hodi nikamwambia, "Shikamoo Mzee, nina filamu ya Amin, utapenda kuiona?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Nduli? Naja na kiti changu." Akaja nacho kweli, kile cha kukunja cha kamba, akakaa karibu na kompyuta kama mtu anayeota moto.

Wenye umri wangu tumekua na neno nduli masikioni. Tumesikia Amin alivyovamia Kagera Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, Mwalimu akasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Lakini wangapi tumewahi kumwona Amin akitembea, akikohoa, akicheka? Mzee mwenyewe alimpiga vita mtu aliyemjua kwa picha za gazeti na katuni.

Basi Amin akatokea. Yuko kwenye boti, anawaonyesha wageni mamba na tembo kama mwenye shamba anayeonyesha ng'ombe wake. Anacheka kicheko kile kikubwa. Na Mzee akacheka. Kilimtoka. Halafu nikamwona anafuta mdomo kwa kiganja, uso umebadilika, akasema, "Mwanangu, kumbe alikuwa anachekesha." Hakucheka tena mpaka mwisho.

Nadhani hiyo ndiyo kazi kubwa ya filamu hii. Vitabuni Amin ni zimwi, na zimwi mtu analikimbia akiwa mbali. Hapa unaona mtu mchangamfu, mwenye tabasamu, anayeshindana kuogelea, na unaelewa watu walivyokaa naye meza moja bila kushtuka mapema. Kuna sehemu anafanya mazoezi ya kijeshi, anaigiza namna atakavyoiteka Milima ya Golan kutoka kwa Israeli, na helikopta zinazunguka. Mzee aliangalia kwa jicho la askari, akasema hawa hawafanyi vita, hawa wanafanya maonyesho ya Sabasaba.

Halafu kikao cha mawaziri. Naomba nikae hapa kidogo.

Meza ndefu. Amin anaongea, mawaziri wanaandika kama wanafunzi. Anawaambia wanatakiwa wafanyeje ili wananchi wawapende, kisha anaigeukia wizara ya mambo ya nje, anaisema vibaya. Hapigi meza, hapigi kelele. Sauti ya msimulizi inakuja, fupi tu, inaeleza kwamba wiki mbili baadaye mwili wa waziri wa wizara hiyo ulikutwa mtoni Nile. Ni Michael Ondoga. Kikao kinaendelea, kalamu zinaendelea.

Mzee akaniambia, "Rudisha nyuma." Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena. Mara ya tatu akanyoosha kidole kwenye kioo, akakipitisha kutoka waziri mmoja hadi mwingine, akasema, "Hawa wanaandika ili wasimtazame."

Mtoto wa tano huyo hapo, ndugu zangu. Mwenye karatasi hakumtaja, ila kamera ilimwona akiwa amesimama na koleo. Muongozaji hakuhitaji kumtukana Amin hata mara moja. Alimwacha aongee, akaweka sentensi moja mahali pake. Na mwishoni anakutana na madaktari, wao wanaongea na yeye anasikiliza, kamera inabaki usoni pake muda mrefu kuliko unavyotarajia. Macho yanahama huku na huku. Ni mtu yule yule wa kwenye boti, ila sasa hacheki.

Kilichotokea baada ya filamu kutoka kinaonyesha Amin alielewa alichofanyiwa. Aliagiza vipande vikatwe, kama dakika mbili na ushee hivi. Schroeder akakataa. Amin akawakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda, karibu 200, hotelini, wanajeshi wakaizunguka, akawapa namba ya simu ya nyumbani kwa muongozaji, kwamba kutoka kwenu kuko mikononi mwa huyu. Vipande vikakatwa. Amin alipoondolewa madarakani vikarudishwa. Dakika mbili, kwa roho za watu 200! Mtu hafanyi hivyo kwa sababu ya filamu inayomsifu.

Kasoro yake? Ipo, na ni kubwa. Karibu muda wote anayeongea ni Amin. Wahindi waliofukuzwa mwaka 1972 na sanduku mkononi hawana nafasi ya kusema. Mjane wa aliyeuawa hayupo. Ukiiangalia bila kujua historia, kicheko kile kinaweza kukuteka, kwa hiyo watoto wasiiangalie peke yao. Mkae nao, muwaeleze. Lugha ni Kiingereza kwa sehemu kubwa, tafsiri ya Kiswahili sikuipata, na hilo linaniuma. Kwenye vibanda umiza hapa mjini filamu za Kikorea na za Kihindi zote zimetafsiriwa, hii inayohusu vita tuliyopigana wenyewe hakuna aliyeigusa. Ma-DJ mnaotafsiri filamu, kama mnanisikia, kazi hiyo hapo.

Ya tatu, As Old as My Tongue, ya Bi Kidude wa Zanzibar, mwaka 2006, muongozaji Andy Jones. Ni fupi, saa moja na kidogo, na raha yake ni kwamba unamsikia bibi mwenyewe kwa Kiswahili chake. Fatuma binti Baraka, mwimba taarabu, kungwi wa unyago, aliyetunzwa tuzo ya WOMEX, ya muziki wa kimataifa, mwaka 2005 akiwa bibi kizee. Kuna waliomwita hazina, na kuna waliosema mama wa Kiislamu wa umri ule hapaswi kuvuta sigara, kunywa pombe na kupanda jukwaani. Filamu haifichi sigara wala haimgeuzi mtakatifu. Nilichokipenda zaidi ni namna inavyoshughulikia umri wake na safari zake za ujanani. Yanayosimuliwa ni mengi, haiwezekani yote yawe kweli, na filamu inakuachia uyasikie kama hekaya kando ya maisha. Udhaifu wake ni kwamba kuna nyakati inamshangaa mno, kama mgeni anavyoushangaa mbuyu. Mimi ningetaka kukaa zaidi na wanawake aliowafunda. Wao wangesema nini?

Na sisi je? Kila nikipanda basi kwenda Morogoro, tukishapita Gairo na Dumila tukafika Dakawa, abiria fulani lazima aseme, "Hapa ndipo Sokoine." Edward Sokoine, Waziri Mkuu wetu wakati huo, alikuwa akitokea huku kwetu Dodoma, bungeni, tarehe 12 Aprili 1984, ajali ikamchukua pale, ana miaka 45. Ndani ya basi utasikia masimulizi matano mpaka mfike Msamvu. Wapo wanaomlilia mpaka leo kwa vita yake ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983. Wapo pia ambao baba zao waliwekwa ndani kipindi kile, nao wana la kusema, ila wanalisema kwa sauti ya chini. Filamu ninayoitamani ingewakalisha wote wawili mbele ya kamera, pasipo haraka. Au Bibi Titi Mohamed: aliyesimama na TANU tangu mwanzo, akashtakiwa kwa uhaini mwaka 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972, na leo watu wanapita barabara yenye jina lake Dar es Salaam wakiangalia taa za kijani. Wanaomkumbuka kwa macho yao wanazidi kupungua. Kama una bibi au babu mwenye la kusimulia, simu uliyoishika sasa hivi inarekodi sauti vizuri kabisa. Anza wiki hii.

Alama zangu basi, maana najua mnazisubiri. Jordan, sita kwa kumi, na nne alizokosa ni za watu ambao hawakupewa nafasi. Bi Kidude, nane. Amin, tisa, na ile moja nimeinyima kwa ajili ya wajane.

Kama bando lako linatosha filamu moja tu, chukua ya Amin, pakua usiku bando likiwa nafuu. Tafuta nakala kamili, isiwe iliyokatwa: ukiona maandishi yanayosema hapa pameondolewa kwa amri ya Amin, ujue unayo ile ya zamani. Mwite mzee mmoja wa mtaani kwako mwangalie naye. Na mkifika kwenye meza ile ndefu, usiangalie anayeongea, waangalie wanaoandika.