Fundi wa posti wa Soko la Kenya: redio moja, spika tatu, lupango (kiwanja cha nyumba) mzima

Wakaaji wa Lubumbashi wenye posti, yaani redio, ya zamani iliyonyamaza kabatini, msiitupe wala msimpe mnunuzi wa vyuma. Ingieni Soko la Kenya, katika komini yetu ya Kenya hapa mjini, upande wa mafundi wa simu, mwulizie papa fundi wa redio. Kila mtu pale anamjua. Nimempa kazi kubwa, nimemlipa, na nataka kueleza alichofanya vizuri na alipopunguza.

Posti yetu ni ya mbao, ya miaka ya 1970, yenye FM, mawimbi ya kati na mawimbi mafupi. Ilikuwa inakoroma tu. Papa fundi aliifungua mgongo, akanusa ndani, akaniambia: "Mama, hii haiyakufa. Ni kapasita tu zilikauka." Akazibadilisha hizo kapasita, vidude vinavyotunza umeme ndani ya posti, akasafisha kitufe cha sauti kwa spiriti, na ile kamba inayovuta mshale wa stesheni, iliyokuwa imekatika, akaiweka upya kwa uzi wa kuvulia samaki. Mshale sasa unateleza vizuri kabisa. Amenitoza dola 15, nami naona ni bei ya haki.

Ila kilichonifanya niandike ni kazi ya pili. Mama yangu siku hizi hatoki chumbani, na posti iko sebuleni. Simu zina redio, najua, na wanangu wanasikiliza humo, kila mmoja na nyaya zake masikioni, habari moja ikiingia mara nne katika nyumba moja bila mtu kumwambia mwenzake neno. Mama hataki hiyo. Anataka kusikia pamoja na watu. Basi nikamwuliza papa fundi kama anaweza kuvuta waya kutoka kwenye posti, spika moja iwe kwa mama na nyingine jikoni nyuma. Alicheka kwa furaha, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa.

Mimi nafundisha historia, na jambo hili lina ukoo mrefu. Kabla kila nyumba haijawa na posti yake, miji kadhaa ya Afrika ilianza na redio ya waya. Gavana Mwingereza Arnold Hodson aliianzisha Freetown, Sierra Leone, mwaka 1934, kisha Accra, Ghana ya leo, ambako kituo cha ZOY kilifunguliwa Julai 31, 1935. Kituo kilinasa matangazo ya London kwa mawimbi mafupi, kikayakuza, kikayatuma juu ya nguzo kwa waya hadi kwenye visanduku vya spika majumbani mwa waliolipia. Kisanduku hakikuwa na mshale wa kutafuta stesheni. Unapandisha sauti au unashusha, basi. La kusikiliza ameshakuchagulia mkoloni.

Kwa jirani zetu wa Zambia, ng'ambo ya mpaka, watu walipata njia nyingine. Mwaka 1949 Lusaka ilianza kuuzisha redio ya bei nafuu yenye umbo la sufuria, ya mawimbi mafupi, rangi ya buluu, pauni 5 bila betri, na betri yake ilidumu kama saa 300. Papa fundi anayo moja kwenye rafu, aliipata Kitwe. Haisemi tena. Nilimwomba aniuzie, akakataa, na nilimheshimu zaidi kwa hilo.

Turudi kwenye waya. Sokoni wanauza waya unaong'aa kama shaba, lakini papa fundi aliukwangua kwa wembe mbele yangu, na chini ya wekundu ukatokea weupe: aluminiamu iliyopakwa. Ukiukunja mara chache unavunjika, na kwenye umbali mrefu unakula sauti. Hapa, mji wa shaba, tunauziwa rangi ya shaba! Alinituma nikanunue waya halisi, mnene kidogo, na tofauti inasikika. Mita zote zile hadi jikoni, na mtangazaji wa Radio Okapi bado anasikika kila herufi.

Sasa kasoro. Posti yetu inataka mzigo wa ohm 4 (ohm ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme; zikiwa chache mno, posti inalemewa). Ukiibebesha spika nyingi ubavu kwa ubavu, transista zinaungua. Kwa hiyo zile spika mbili mpya, za ohm 8 kila moja, amezifuatanisha kwenye njia moja. Posti imesalimika, ila waya wa jikoni ukikatika, chumba cha mama nacho kinanyamaza. Imeshatokea, mtoto alipoanika nguo juu yake. Tena ukipunguza sauti jikoni, kwa mama inapungua. Hilo alipaswa kunieleza kabla ya kupiga misumari. Nilipomwambia alikubali kuweka transfoma ndogo kwa kila spika, ili kila moja iwe na njia yake, kwa dola 10 zaidi, na bado namsubiri. Kwa ahadi za siku, papa fundi si wa kutegemea. Kwa kazi ya mikono, ndiye.

Kasoro nyingine haimhusu: FM ya posti nyingi za umri huu inaishia megahezi 104, stesheni zilizo juu ya hapo hazishikiki.

Mama sasa anatawala nyumba kwa redio. Akitaka stesheni nyingine anamwita mjukuu kwa sauti, mjukuu anakimbia sebuleni kuzungusha. Matangazo ya vifo yakisomwa, jikoni mikono inasimama juu ya sombe (majani ya muhogo), tunasikiliza majina, kisha mama anatuuliza kama ni ukoo wa nani. Anatueleza pia ya Septemba 1961, alipokuwa mtoto wa shule: askari wa Umoja wa Mataifa na wale wa Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Kongo, wakipigania posta na jengo la redio, watu wazima wamejazana kwa jirani mwenye posti, watoto wamekatazwa hata kukohoa. Na mimi nawaeleza wanangu ya Desemba 14, 2010, timu yetu ya mpira Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazili 2-0 kule Abu Dhabi. Umeme ulikatika, televisheni za mtaa zikazimika, lupango wetu ukajaa watu kwa sababu posti hii ilikuwa na pili, yaani betri ndogo.

Kwa ajili ya umeme huohuo, mwombeni papa fundi awawekee pia kidude cha kushusha volti 12 hadi 9, ili posti iendeshwe na betri ya pikipiki. Kwangu kinafanya kazi bila kelele. Mfike asubuhi, kabla hajafunikwa na simu za watu. Mchukue skrubu zote na kifuniko cha mgongo, mpatane bei kabla hajafungua, na kwa spika za nje mdai transfoma tangu siku ya kwanza.